Skrini ya OLED inaniumiza macho usiku: niuze laptopu?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, niko Morogoro, nina miaka 47. Laptopu yangu ya zamani ya inchi 15.6 nimeitumia miaka sita bila shida. Mwaka huu nimenunua nyingine ya inchi 14, kioo cha OLED, pikseli 2880 kwa 1800. Mchana shuleni hainisumbui. Usiku nikiandaa mitihani huwa napunguza mwanga, na hazipiti dakika arobaini macho yanawaka na kichwa kinaanza kuuma. Nimewasha ile rangi ya manjano ya usiku, wapi. Miwani ya kusomea ninayo. Nataka kuiuza ninunue ya mtumba. Ni laptopu gani haiumizi macho?

JIBU: Nzuri, mwalimu. Usiiuze kwanza. Mchana uko salama, usiku unaumia, na kilichobadilika hapo katikati ni mwangaza ulioushusha. Tuanzie hapo.

OLED, yaani skrini ambayo kila pikseli huwaka yenyewe, nyingi zake za laptopu ukishusha mwangaza hazipunguzi mwanga wenyewe. Zinauzima na kuuwasha haraka haraka, na kadiri unavyoshusha ndivyo muda wa giza unavyorefuka. Mafundi huita mbinu hii PWM. Jicho halioni kupepesa huko, linaona skrini imefifia tu, lakini wapo watu ambao mwili wao hauvumilii hali hiyo: macho kuchoka, kichwa kuuma, wengine kichefuchefu. Mwenzako anaweza kukaa mbele ya skrini hiyohiyo usiku kucha asihisi kitu. Skrini za LCD nazo, hasa za bei ya chini, baadhi hufanya hivyo kwa taa yao ya nyuma.

Kasi ndiyo inayoamua. OLED za laptopu mara nyingi hupepesa mara 240 kwa sekunde, yaani 240 Hz, na za karibuni zipo za 480 Hz. Mwongozo namba 1789 wa IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme, wa mwaka 2015, ulioandikwa kwa ajili ya taa za LED, una hesabu nyepesi: zidisha kasi kwa 0.08 upate asilimia ya kupepesa (kina cha mwanga kupanda na kushuka) yenye hatari ndogo. Kwa 240 Hz unapata kama 19. Skrini inayozima kabisa kila mzunguko inapepesa kwa asilimia 100, mbali juu ya hiyo 19. Ukifika 1,250 Hz hesabu inakupa 100, maana yake hata ikizima kabisa hatari ni ndogo. Kuanzia 3,000 Hz mwongozo hauoni athari.

Sasa pima ya kwako. Fungua ukurasa mweupe ujaze skrini nzima. Kwenye kamera ya simu ingia hali ya Pro, weka kasi ya kupiga picha 1/2000 au zaidi, panda ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) mpaka picha ionekane. Piga picha mwangaza wa laptopu ukiwa asilimia 100, kisha 50, kisha 20. Ukiona mistari mipana ya giza iliyopangana kwa nafasi sawa, inayonenepa kadiri unavyoshusha mwangaza, hiyo ni PWM. Mstari mmoja hafifu unaopita peke yake si tatizo, ni picha inavyoburudishwa. Usitumie kamera ikiwa kwenye otomatiki: kwa 1/60 picha moja inameza mizunguko minne ya 240 Hz na mistari inafutana, halafu utaambiwa skrini ni safi kumbe sivyo. Kama simu haina Pro, punga penseli upesi mbele ya ukurasa mweupe chumba kikiwa na giza. Ukiona penseli nyingi zilizoachana kama vidole badala ya ukungu mmoja, skrini inapepesa.

Mistari ikionekana kwenye 20 na kupotea kwenye 100, dawa yake ni ya bure. Rudisha mwangaza wa laptopu hadi asilimia 100 uuache hapo, halafu fifisha kwa programu. f.lux inafanya hivyo kwa Alt na Page Down. Ukiwa na chipu ya Intel inayotumia programu ya Intel Graphics Command Center, kuna kitelezi cha mwangaza kwenye Display, sehemu ya Color. ASUS wao wameweka kipengele hicho ndani ya programu yao ya MyASUS. Programu inaziambia pikseli zitoe kijivu badala ya nyeupe, hivyo mwanga unapungua bila kuzimwazimwa. Hapa OLED ina bahati ambayo LCD haina: kila pikseli inajiwakia yenyewe, kwa hiyo nyeusi inabaki nyeusi. Kwenye LCD taa ya nyuma ingebaki kali, nyeusi ingekuwa kijivu na maandishi yangefifia.

Ukiwa hapo, kwenye Windows ingia Settings, System, Display, fungua mshale wa Brightness. Kama kuna kipengele cha kubadilisha mwangaza kulingana na kilichomo kwenye skrini, kizime. Kinafanya ukurasa upande na kushuka mwanga kila unapohama dirisha, na watu wengi wanadhani ni macho yao.

Ile rangi ya manjano haikukusaidia kwa sababu inapunguza bluu tu, haigusi kupepesa. Hata nembo za TÜV Rheinland, kampuni ya Ujerumani inayopima ubora wa bidhaa, ni mbili tofauti: ya bluu kidogo na ya kutopepesa. Muuzaji akikuonyesha ya kwanza, hajajibu swali lako. Na miwani ya kuzuia mwanga wa bluu usiinunue kwa ajili ya kompyuta. Chama cha madaktari wa macho cha Marekani, American Academy of Ophthalmology, hakiipendekezi.

Lakini miwani yako ya kusomea naishuku. Kwa kawaida hupimwa kwa umbali wa kitabu, sentimita 40. Laptopu inatakiwa kukaa sentimita 50 hadi 70. Kwa mtu anayeitegemea miwani kabisa, sentimita 40 zinadai nguvu ya 2.50 (1 gawanya kwa 0.4), na sentimita 60 zinadai 1.67. Tofauti ni zaidi ya robo tatu ya dayopta, kipimo cha nguvu ya miwani. Ndiyo maana mtu anajikuta anaisogelea skrini, shingo mbele, hadi kichwa kiume. Pima kwa rula kutoka jichoni hadi kwenye skrini ukiwa umekaa kawaida, nenda na namba hiyo kwa mpima macho. Na skrini yako ina pikseli kama 243 kwa inchi, maandishi huwa madogo mno: weka ukubwa wa maandishi (Scale) asilimia 175 au 200. Feni isikupige usoni, maana mbele ya kompyuta tunapepesa kope mara chache kuliko kawaida na macho hukauka.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, siku tatu tatu. Ukibadilisha vyote leo hutajua kilichokuponya. Na jicho moja likiuma ghafla au kuona kukipungua, hilo si la fundi, nenda hospitali.

Ikishindikana ukaamua kununua, usitafute jina la laptopu. Modeli ileile, hata kwenye ThinkPad au Latitude, hutoka kiwandani na paneli (kioo chenyewe cha skrini) za LG, AUO, BOE au Innolux, na moja inaweza kupepesa wakati nyingine haipepesi. Chagua skrini, si jina. Unachotaka ni IPS (aina ya LCD ambayo rangi hazigeuki ukiitazama kwa pembeni) ya kioo kisichong'aa, pikseli 1920 kwa 1080 kwenye inchi 14 (157 kwa inchi), niti 300 (niti ni kipimo cha mwangaza) kama utaipata. 250 zinatosha ukiwa ndani. Ile ya 1366 kwa 768 yenye paneli ya TN iache hata ikiwa bei ya kutupa: pikseli 112 kwa inchi, na ukiinamisha kichwa kidogo rangi zinageuka.

Dukani rudia kipimo cha simu kwa mwangaza wa 100, 50, 20 na wa chini kabisa, kwa sababu zipo paneli zinazoanza kupepesa chini ya kiwango fulani tu. Ikinge skrini na taa za duka kwa boksi. Umeme wetu ni wa 50 Hz, taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde, na mwako wake ukipiga kwenye kioo utakuchorea mistari isiyo ya laptopu.

Fundi akikwambia atabadilisha paneli tu, inawezekana kwa LCD, mradi pini (30 au 40), mahali pa soketi na masikio ya skrubu vilingane. Kwenye inchi 15.6 zipo za upana wa milimita 360 na za 350, na hazibadilishani kirahisi. Achomoe betri kabla ya kugusa waya wa skrini. Asipofanya hivyo anaweza kuunguza fyuzi ya taa ya nyuma kwenye ubao mama. OLED yako usiruhusu ijaribiwe hivyo.

Ukipata skrini safi, fungua HWiNFO, programu inayoonyesha vifaa vilivyomo kwenye kompyuta, sehemu ya Monitor, uandike namba ya paneli: B140HAN ni ya AUO, NV140FHM ni ya BOE, LP140WF ni ya LG. Muuzaji akisema "chukua hii nyingine stoo, ni ileile," iwashe na ulinganishe namba hiyo kabla ya kutoa hela.