Mizani, na tofauti ya kinaya na uzungumzinafsi

Mdogo wangu wa Kigoma, umesema mizani zako (idadi ya silabi katika kila mshororo, yaani mstari wa shairi) hugoma kulingana, na kwenye tamthilia unachanganya kinaya (kusema jambo ukimaanisha kinyume) na uzungumzinafsi (mhusika kusema mawazo yake akiwa peke yake).

Mizani kwanza, maana huko ndiko alama zinakopotea. Hesabu silabi, si herufi. Chukua mshororo huu: *Mgebuka wa Kigoma, amepikwa kwa mawese.* Ukwapi, nusu ya kwanza, ni m-ge-bu-ka-wa-ki-go-ma, 8. Utao, nusu ya pili, ni a-me-pi-kwa-kwa-ma-we-se, 8. Kina ni silabi ya mwisho ya kila nusu: cha kati ni "ma", cha mwisho "se". Wengi huandika "mge" kama silabi moja, wakabaki na 7. M ikifuatwa na konsonanti husimama peke yake (m-tu, m-ka-te), ila "mbu" ya mbuzi ni moja, na "mwa" ya mwalimu ni moja. Piga makofi ukisoma, kofi moja kwa kila silabi.

Tamthilia sasa. Katika Julius Caesar ya Shakespeare, Antony, rafiki wa Caesar, akibaki peke yake na maiti ya Caesar akaiomba radhi, huo ni uzungumzinafsi. Hotuba yake mbele ya umati si uzungumzinafsi, hata iwe ndefu vipi. Humo anarudia kwamba Brutus, mmoja wa waliomuua Caesar, ni mtu wa heshima, akimaanisha kinyume: kinaya hicho.

Kwenye mtihani, kutaja istilahi tupu hakutoshi. Ongeza tukio na athari yake kwa hadhira. Angalizo: vitabu hupishana, vingine huita kinaya "kejeli". Muulize mwalimu wako anatumia istilahi ipi, ushike hiyo hiyo.