Mbona vikundi vimekuwa maelfu?

SWALI: Nina rekodi za simu za wateja za mwaka mzima ndani ya Elasticsearch, programu ya kuhifadhi na kutafuta data. Nataka matokeo ya utafutaji yagawanyike: asubuhi, mchana, jioni, usiku. Nimetumia histogramu ya tarehe (hugawa rekodi kwa vipindi vya muda) kwa kila saa, vikatoka vikundi maelfu. Nimekosea wapi?

JIBU: Umechagua chombo kisichofaa kazi hii. Histogramu hiyo hufuata kalenda: saa tatu asubuhi ya Jumatatu na ya Jumanne kwake ni vitu viwili. Mwaka una saa 8,760, basi usishangae. Unapoingiza rekodi, ichomoe saa peke yake uiweke kwenye sehemu yake, namba 0 hadi 23 (0 ni saa sita usiku), kisha panga vikundi kwa namba hiyo. Skripti (msimbo mfupi) ya kuichomoa saa wakati wa kutafuta nayo hufanya kazi, ila hukokotoa upya kila ukiuliza; mimi huitumia kujaribia tu.

Sasa penye miba. Tarehe humo huhifadhiwa kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Niliwahi kumpelekea bosi chati iliyoonyesha wateja wanaanza kulalamika saa kumi na mbili alfajiri. Akaniuliza, “Hawa hawalali?” Kumbe ilikuwa saa tatu, ofisi ndiyo kwanza zinafunguliwa, nilichomoa saa kabla ya kuigeuza iwe ya kwetu. Geuza kwanza, ndipo uchomoe.

Na usiku wako, ukianza 20 ukaishia 4, unavuka sifuri. Andika masafa mawili, 20 hadi 24 na 0 hadi 4 (namba ya mwisho yenyewe haihesabiwi), uyajumlishe. Ukiandika moja tu, 20 hadi 4, utapata kikundi kitupu.