Kibali cha Ujerumani kinatosha Prague, Vienna na Budapest

Mdogo wangu, umeuliza kama kibali chako cha kuishi Ujerumani kinatosha kuzunguka Prague, Vienna na Budapest likizo hii ya Machi. Kinatosha kabisa. Nchi za miji hiyo, yaani Czechia, Austria na Hungary, zote zimo Schengen, eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa kawaida wa mipaka kati yao, na unaruhusiwa kukaa huko hadi siku 90 ndani ya siku 180. Ila beba pasipoti na kadi yenyewe ya kibali, picha ya kwenye simu haitoshi. London iache, Uingereza inataka viza yake.

Prague hadi Vienna ni mwendo wa saa 4 hivi kwa treni. Kata tiketi mapema. Budapest ipe siku nyingi! Mabwawa ya maji moto ya Széchenyi, yaliyofunguliwa 1913, yako wazi chini ya anga, na kwenye baridi ile utayapenda mno. Huko wanatumia forint, Prague koruna.