Mnaoanza kusoma makabaila wa Ulaya, andikeni ukoo kwa Kiswahili

Wadogo zangu mnaoanza historia ya Ulaya ya zama za kati, niwaambie mapema kabla hamjaungua kama mimi. Insha yangu ya kwanza niliandika Duke wa York kafanya hivi, Earl wa March kafanya vile (Duke na Earl ni vyeo vya makabaila wa Uingereza), afu nikawagombanisha kabisa kwenye aya moja, kumbe ni mtu mmoja huyohuyo! Mwalimu wala hakuandika kitu, alichora duara jekundu na alama ya kuuliza tu.

Jamaa mwenyewe ni Richard wa York, kazaliwa 1411. Mama yake Anne Mortimer kafariki yeye bado mchanga. Agosti 1415 baba yake, Earl wa Cambridge, akakatwa kichwa kwa njama za kumpindua mfalme Henry V, afu Oktoba hiyohiyo ndugu wa baba, Edward Duke wa York, akafia vitani Agincourt, Ufaransa, hana mtoto, kwa hiyo dogo wa miaka minne ndo mrithi. Halafu 1425 ndugu wa mama, Edmund Mortimer Earl wa March, akafa kwa tauni huko Ireland, naye hana mtoto, dogo akarithi tena.

Sasa hapa ndo pa kukaa. Vitabu vya Kiingereza vinawaita hao ndugu wawili kwa neno moja, uncle, unasoma unachanganyikiwa urithi gani umetoka wapi. Mimi nikaanza kuandika notisi kwa Kiswahili: York kutoka kwa baba mkubwa, March kutoka kwa mjomba. Basi, kila kitu kikakaa sawa! Maana upande wa baba alikuwa anatokana na Edmund, mdogo wake John wa Gaunt ambaye ndo babu wa wafalme wa Lancaster, ukoo uliokuwa unatawala, ila upande wa mama anatokana na Lionel, kaka yake John. Yaani dai lake la kiti cha enzi, kwamba katoka kwa kaka mkubwa kuliko babu yao, lilipita ujombani, na wengi mtachora ukoo wa kiumeni tu mlikose.

Kingine, angalieni hela. Mwaka 1423 ulezi wa huyu yatima, yaani haki ya kumlea na kumwozesha, uliuzwa kwa Ralph Neville, Earl wa Westmorland, kwa marki 3,000, na marki haikuwa sarafu ya kushika mkononi bali ya mahesabu, theluthi mbili ya pauni, so ni pauni 2,000. Neville akamwozesha binti yake Cecily, mjanja yule mzee.

Na kila mkiona cheo angalieni mwaka kwanza. Earl wa March aliyepigana Northampton Julai 1460 sio Richard, ni mwanawe Edward, alishaanza kuitwa hivyo baba yake yupo hai. Richard akauawa Wakefield tarehe 30 Desemba mwaka huo, Edward akawa mfalme 1461 na vyeo vyote vikamezwa na taji, mpaka 1474 alipompa mwanawe wa pili u-Duke wa York, na huyo naye anaitwa Richard, kwa hiyo jiandaeni.