Jibu: Udongo gani kwa chura anayejichimbia?

Mkuu, umeuliza kama huo udongo wa kitalu uliobaki kwenye maua unafaa kwa chura unayemfuga: usimwekee. Chura hunywa maji kwa ngozi, kwa hiyo mbolea na dawa zilizomo zinamwingia moja kwa moja. Changarawe nayo hapana: akimrukia mende anameza na kokoto, tumbo linaziba.

Mimi natumia vumbi la makumbi ya nazi, lile wauza miche wanaloliita kokopiti. Ila kama uko pwani, uliza limetoka wapi. Makumbi yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kusokota kamba yana chumvi, na chumvi haimfai chura hata kidogo. Huwa naloweka na kumwaga maji mara nne, tano, mpaka nikigusisha ncha ya ulimi (usicheke) nisisikie chumvi.

Kwa kuwa wako ni wa kujichimbia, jaza vumbi hilo kwenye chombo chake kina cha sentimita 10 au zaidi, azame yabaki macho tu. Kamua konzi moja mkononi. Vumbi likishikana bila kuchuruza maji, unyevu umetosha. Maji ya bomba yaache wazi siku nzima klorini (dawa ya kusafishia maji) ipae kwanza. Kinyesi toa kila ukikiona.