Mnaosema huku tunakula bata, leo nawajibu

Haya wadogo zangu, nimekaa kimya kwenye grupu la familia muda mrefu, ila juzi mlivyoanza tena, mara Ujerumani bia bei chee kuliko maji, mara kaka yenu anakula mahotelini tu na picha tumeziona, nikasema hapana, hawa nikiwaacha watafika mbali.

Ile picha ya sahani imejaa nyama ni sherehe ya Krismasi ya kazini, bosi ndo alilipa. Kesho yake nikarudi kwenye masufuria. Maana mimi hapa Hamburg naosha vyombo kwenye mgahawa, sio mpishi, sio mhudumu, muosha vyombo. Nasimama pembeni ya mashine, ukiinua mfuniko mvuke unakupiga usoni huoni kitu, sahani zinakuja mfululizo, na kabla ya kuipanga kwenye trei kila sahani lazima uikwangue. Hapo ndo roho inaniuma. Pande la samaki halijaguswa, viazi nusu sahani, mkate na siagi yake, vyote pipani, na bosi kakataza mtu kuondoka na chochote kilichotoka mezani. Huku simu inatetemeka mfukoni, ni nyie, unga umeisha nyumbani. Siku zingine sijibu meseji zenu mkadhani niko bize, siko bize, nina hasira tu, na wala sio hasira na nyie.

Hiyo ya bia, dukani ni kweli, nusu lita unapata chini ya yuro moja. Lakini ukikaa mgahawani maji unalipia, ukisema tu maji unaletewa ya gesi, na yanaweza kukutoa hela nyingi kuliko bia, mpaka wakaweka sheria kwamba lazima kiwepo angalau kinywaji kimoja kisicho na kilevi kisichozidi bei ya kilevi cha chini kabisa. Nyumbani nakunywa ya bomba, ni safi. Na kopo au chupa ya plastiki ya kutumika mara moja unatoa hela ya chupa, senti 25, ukirudisha tupu unarudishiwa. Ndo maana stesheni utakuta wazee, Wajerumani wenyewe, wanapekua mapipa wakiokota chupa. Hiyo hakuna anayewatumia picha.

Sasa wewe unayetaka kuja huku, unayeuliza ubebe nini. Nyama na maziwa acha, hata sambusa za nyama za mama, forodha wanatupa mbele ya macho yako. Matunda na mboga mbichi tangu mwisho wa 2019 wanataka cheti cha afya ya mimea, isipokuwa nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani, kwa hiyo hayo maembe kuleni nyie. Iliki, mdalasini, unga wa sembe, jaza begi. Na usitue Jumamosi usiku huna hata mkate, Jumapili maduka yamefungwa, labda stesheni kubwa na sheli, na huko bei zao ni za kukomoana.

Ukishafika pika mwenyewe, usile nje hata siku moja, hela itaisha hujui imeenda wapi. Ila wenzio wa kazini wakikuita mkale, nenda! Ukijifungia chumbani kila jioni na ugali wako mbele ya simu utachanganyikiwa, nimewaona waliochanganyikiwa. Lakini jua kila mtu analipa chake, mhudumu anakuja kuuliza mnalipa pamoja au kila mtu na yake, usijinyamazie ukidhani umekaribishwa.

Sisemi usije, njoo, utakula, hulali njaa huku. Ila kama kinachokuleta ni picha zangu, baki, sitaki uje kusimama pembeni yangu kwenye ile mashine halafu unilaumu.

Na ya unga nimesikia, natuma mshahara ukiingia, msinipigie kabla.