Jibu: "empobrecimiento" na "decadencia" si kitu kimoja

Ndugu, umeuliza kama maneno ya Kihispania "empobrecimiento" na "decadencia" ni mamoja, kwa kuwa kamusi yako imeyapeleka yote kwenye "decline" ya Kiingereza. Hapana. La kwanza limetokana na "pobre", yaani maskini, na Kiingereza chake ni "impoverishment": kufukarika, iwe ni watu, udongo au hata lugha. Ila ukikutana na "uranio empobrecido", usithubutu kuandika "impoverished". Hapo Kiingereza husema "depleted uranium".

"Decadencia" ni kuporomoka kwa kitu kilichowahi kusimama, kama dola au ukoo. Mara nyingi "decline" inatosha. "Decadence" siku hizi inanukia anasa, hata keki ya chokoleti huitwa hivyo. "Declive" nayo ni "decline", na maana yake ya asili ni mteremko.

Ninalolipenda mimi ni "venir a menos". "Una familia venida a menos" ni familia iliyokuwa nazo, sasa haina kitu: "a family that has come down in the world". Akiwa mwanamume, andika "venido".

Na "miseria" jamani! Niliwahi kuitafsiri "misery", huzuni tupu, kumbe mwandishi alikuwa anazungumzia ufukara wa kutupwa.